Waiyaki wa Hinga: Kiongozi wa Dagoretti aliyeandikwa mlevi

JINA la Waiyaki wa Hinga hutamkwa na maelfu ya wakazi wa Nairobi kila siku, ijapokuwa wengi wao hulitaja wakiwaza msongamano wa magari tu. Barabara ya Waiyaki, inayotoka Westlands kuelekea Kangemi, Uthiru na Kikuyu, ilipewa jina la kiongozi huyo wa Wakikuyu wa kusini aliyefariki Septemba 1892 akiwa mfungwa, mbali na kwao.

Wanahistoria humhesabu miongoni mwa viongozi wa kwanza wa Kenya ya bara kukabiliana na Waingereza. Hata hivyo, katika maandishi ya maafisa waliomkamata, mkasa uliomwangusha umeelezwa kwa namna nyingine kabisa: kwamba aliingia katika ngome ya wazungu usiku akiwa amelewa, akazua fujo na kujeruhiwa.

Dai hilo la pombe limedumu kwa zaidi ya karne moja. Ili kulipima, ni lazima kujua Waiyaki alikuwa nani, na pia kufahamu kinywaji cha wazee wa Dagoretti wa enzi zake kilikuwa kitu gani. Kinywaji hicho, muratina, kingali kinatengenezwa, lakini kinachouzwa leo kwa jina hilo mara nyingi si kile alichokijua yeye.

MPAKANI MWA WAKIKUYU NA WAMAASAI

Waiyaki aliishi katika eneo la Dagoretti na Kabete, ambako msitu na mashamba ya Wakikuyu vilipakana na malisho ya Wamaasai upande wa Ngong. Simulizi za ukoo wake zinaifuata asili yake hadi kwa Wamaasai, na hata jina lake linahusishwa na jina la Kimaasai, Koyaki.

Jambo hilo halikuwa la ajabu katika eneo la mpakani. Watu wa pande hizo mbili walipigana, waliibiana mifugo, walioana na kuuziana bidhaa. Wakikuyu walitoa nafaka, maharagwe, vibuyu na tumbaku. Wamaasai walileta mifugo na ngozi. Hata wakati wa vita wanawake waliendelea kwenda sokoni bila kudhuriwa.

Wakikuyu wa wakati huo hawakuwa na mfalme. Mamlaka yalikuwa mikononi mwa mabaraza ya wazee, yaani kiama, na miongoni mwa wazee alitokea mtu aliyesikilizwa kuliko wenzake kwa sababu ya ushujaa, mali, busara na ufasaha wa kusema. Mtu huyo aliitwa muthamaki. Hakurithi cheo, wala hakuweza kuwalazimisha watu kumfuata. Nguvu yake ilikuwa neno lake.

Waiyaki alikuwa muthamaki wa aina hiyo. Wageni waliofika kusini mwa nchi ya Wakikuyu walimwona kama chifu mkuu wa eneo zima, kwa kuwa walitafuta mtu mmoja wa kutia sahihi mikataba. Kwa hakika alikuwa mzee mmoja mashuhuri kati ya wazee wengi, na majirani zake hawakufungwa na ahadi alizotoa. Kutoelewa jambo hilo kulikuja kumgharimu maisha yake.

KINYWAJI CHA MAPATANO

Katika jamii ambayo neno ndilo lililofunga mapatano, pombe ilikuwa na kazi yake. Wakikuyu waliiita njohi. Ilitengenezwa kwa maji ya miwa au kwa asali iliyochanganywa na maji, na ilichachushwa kwa tunda la mti ambao wao huuita muratina na ambao Waswahili wa pwani huuita mvungunya, wenye matunda marefu yanayoning'inia kama soseji.

Tunda hilo bichi halifai kuliwa. Hupasuliwa, hulowekwa na kukaushwa juani hadi libaki nyuzinyuzi kama dodoki. Katika nyuzi hizo ndimo hamira ya asili inamokaa. Likitumbukizwa ndani ya kibuyu cha maji ya miwa au asali na kibuyu kikawekwa karibu na moto, hamira hula sukari na kuigeuza kuwa kileo, na kwa siku chache kinywaji huwa tayari.

Baada ya pombe kuiva, tunda hutolewa, husafishwa, hukaushwa na kuhifadhiwa kwa matumizi mengine. Tunda lililokwisha kutumika mara kadhaa lilithaminiwa kuliko jipya, kwa sababu lilikuwa limezoea kazi na limepoteza uchungu wake. Kwa hiyo familia ilirithi ladha ya pombe yake kutoka kwa pombe iliyotangulia.

Si kila mtu aliyeruhusiwa kuinywa. Ilikuwa haki ya wazee. Vijana waliokuwa wangali katika rika la kupigana walikatazwa. Ilinywewa wakati wa posa na mahari, wakati wa kusuluhisha ugomvi na wakati wa kutambika, ambapo sehemu ya kwanza ilimwagwa chini kwa ajili ya wahenga. Posa isiyo na pombe haikuhesabiwa kuwa posa.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyoifanya iwe kinywaji cha watu wengi. Muratina haikuweza kuwekwa. Hamira iliendelea kufanya kazi hata baada ya pombe kuiva, na siku chache baadaye ikawa kali na chachu kupita kiasi. Aliyepika kibuyu kikubwa alilazimika kuwaita wenzake. Hivyo mzee aliyekuwa na pombe nyumbani alikuwa na wageni, na mzee mwenye wageni wengi alikuwa mtu mwenye sauti.

Mila za namna hiyo zilivuka mpaka. Wakamba nao walitumia tunda hilo hilo kuchachushia asali, na Wamaasai walipika pombe ya asali kwa mizizi ya mshubiri kwa ajili ya sherehe za wazee. Mtu wa asili ya pande mbili kama Waiyaki angeweza kuketi katika baraza lolote kati ya hayo na kuelewa maana ya pembe aliyopokezwa.

WAGENI WA KWANZA

Mwaka 1887, msafara wa Hesabu Sámuel Teleki kutoka Austria-Hungary, akiandamana na Luteni Ludwig von Höhnel, ulipita nchi ya Wakikuyu ukielekea Mlima Kenya na ziwa ambalo baadaye liliitwa Rudolf, na ambalo leo ni Turkana. Wakikuyu walikuwa na sifa ya kutowaruhusu wageni kupita, na Waiyaki alikuwa miongoni mwa wazee walioupokea msafara huo na kuusaidia.

Urafiki huo haukutokana na woga. Misafara ilileta nguo, shanga na nyaya za shaba, na ilihitaji chakula kingi. Kutoka pwani hadi Uganda, hapakuwa na mahali pazuri pa kununulia chakula kabla ya kuvuka Bonde la Ufa kama mashamba ya Kabete na Dagoretti. Aliyewaongoza wasafiri hadi kwenye mashamba hayo aliongeza utajiri wa watu wake pamoja na heshima yake mwenyewe.

Mwaka 1888, kampuni ya Imperial British East Africa ilipewa hati ya kifalme ya kufanya biashara na kutawala katika eneo ambalo Uingereza ilidai ni lake. Kampuni hiyo haikuwa na fedha za kutosha wala watu wa kutosha, na macho yake yalikuwa Uganda. Dagoretti kwayo ilikuwa ghala la chakula njiani.

MAAGANO YA OKTOBA 1890

Kapteni Frederick Lugard, ajenti wa kampuni, alifika Dagoretti Oktoba 1890. Huko alikula na Waiyaki undugu wa kuchanjiana, agano lililowafanya kuwa ndugu, na akapata ruhusa ya kujenga ngome. Waiyaki aliahidi amani na chakula. Lugard aliahidi kwamba watu wake hawatawadhulumu wenyeji wala kunyakua mali yao.

Kwa Lugard, agano hilo lilikuwa mojawapo ya mikataba mingi aliyoifanya njiani. Kwa Waiyaki lilikuwa kiapo, na katika mila za Wakikuyu mtu aliyevunja kiapo alijiletea laana yeye na jamaa zake.

Lugard hakukaa. Alimwachia ngome George Wilson na mwanzoni mwa Novemba akaondoka kwenda Uganda, ambako aliingia Mengo tarehe 18 Desemba 1890. Wilson alibaki na askari na wapagazi wachache, pamoja na bidhaa chache za kununulia chakula.

Matokeo yalionekana upesi. Wapagazi wa misafara iliyopita walianza kuchukua chakula bila kulipa na kuwaingilia wanawake mashambani. Wakikuyu walijibu kwa kuwashambulia waliojitenga na wenzao, kisha wakaizingira ngome. Mwaka 1891 Wilson aliihama, na wenyeji wakaiteketeza.

Maafisa wa kampuni walisema Wakikuyu walikuwa wasaliti. Kwa upande wa Waiyaki, agano lilikuwa limevunjwa na wageni, kwani ndugu wa damu hamnyang'anyi nduguye mazao. Zaidi ya hayo, si wote walioishambulia ngome waliokuwa watu wake, lakini kwa kuwa wazungu walikwisha kumfanya chifu wa wote, walimdai kwa makosa ya wote.

Mwaka huo huo wa 1891 kampuni ilirejea na nguvu zaidi. Kapteni Eric Smith alijenga ngome mpya, imara kuliko ya kwanza, upande wa Kabete, karibu na makazi ya Waiyaki. Ikaitwa Fort Smith. Waiyaki aliendelea kuingia na kutoka humo kama jirani na mzee wa mashauri, lakini imani haikuwepo tena kwa upande wowote.

USIKU WA AGOSTI 14, 1892

Kufikia katikati ya mwaka 1892, ngome ilikuwa chini ya W. J. Purkiss. Aliyefika hapo pia ni Kapteni J. R. L. Macdonald, aliyekuwa akirejea kutoka Ziwa Victoria baada ya kupima njia ya reli iliyokusudiwa kujengwa kutoka Mombasa.

Agosti mwaka huo watu wa kampuni waliuawa katika kijiji kimoja cha eneo hilo kufuatia mzozo wa mifugo. Purkiss na Macdonald waliongoza kikosi kwenda kukiadhibu kijiji hicho. Walipofika waliwakuta watu wamekwisha kutoroka na mifugo yao. Shaka ikamwangukia Waiyaki, kwamba ndiye aliyewatahadharisha.

Jioni ya Agosti 14, Waiyaki alikwenda Fort Smith. Yaliyotokea baadaye yanafahamika hasa kupitia maandishi ya wazungu, ikiwa ni pamoja na kitabu ambacho Macdonald alikichapisha mwaka 1897. Kwa mujibu wao, mzee huyo alikuwa amelewa, alijibizana na Purkiss, akachomoa sime yake, na katika purukushani akanyang'anywa na kujeruhiwa kichwani.

Alifungwa minyororo usiku huo ndani ya ngome, akiwa na jeraha. Siku iliyofuata Macdonald aliongoza baraza lililomhukumu kuhamishiwa pwani. Tarehe 17 Agosti msafara uliondoka naye.

Katika maelezo hayo neno moja lilifanya kazi kubwa. Kama Waiyaki alikuwa mlevi, basi ugomvi ulikuwa wa mlevi na mlinzi, na hapakuwa na haja ya kueleza sababu yake. Shtaka la ulevi lilifunika mzozo uliokuwepo tangu 1890: mazao yaliyochukuliwa, kiapo kilichovunjwa, na ngome mbili zilizojengwa katika ardhi ambayo wenyewe hawakuiuza.

Huenda kweli alikuwa amekunywa. Kwa mzee wa umri na hadhi yake, pembe ya njohi jioni haikuwa kosa wala aibu. Ilikuwa alama ya ukubwa wake. Jambo lililo wazi ni kwamba hakufikishwa mbele ya kiama cha wazee wenzake, bali alihukumiwa na watu wale wale aliogombana nao, kwa sheria isiyokuwa ya nchi yake.

KIFO KIBWEZI

Waiyaki hakufika pwani. Msafara ulipofika Kibwezi, katika nchi ya Wakamba, hali yake ilikuwa mbaya kutokana na jeraha la kichwa. Hapo palikuwa na kituo cha wamisionari wa Kiskoti kilichofunguliwa mwaka 1891. Alifariki mapema Septemba 1892 na kuzikwa huko.

Habari zilipofika Dagoretti, watu wake hawakuamini kwamba jeraha ndilo lililomuua. Simulizi iliyoenea miongoni mwa Wakikuyu ni kwamba alizikwa akiwa hai, kichwa kikiwa chini na miguu juu, na kwamba kabla ya kufa aliwausia watu wake wasiiache ardhi yao.

Maandishi ya wazungu hayaungi mkono simulizi hiyo. Lakini simulizi hizo mbili, ya mlevi na ya aliyezikwa hai, zilikwenda sambamba kwa miaka mingi, kila moja ikiwa na jamii yake iliyoiamini. Ya kwanza ilikaa vitabuni na maktabani. Ya pili ilikaa vinywani, na katika miaka ya 1950 jina la Waiyaki liliimbwa katika nyimbo za wapiganaji wa Mau Mau.

Nafasi yake upande wa Dagoretti ilichukuliwa na mtu wa namna nyingine. Kinyanjui wa Gathirimu, aliyejipatia jina kwa kuwatumikia watu wa ngome, alifanywa na Waingereza kuwa chifu mkuu wa Wakikuyu wa kusini, cheo ambacho hakikuwahi kuwepo. Alifariki mwaka 1929 akiwa amepewa heshima zote za serikali.

Mwaka 1895 Uingereza ilitwaa utawala kutoka kwa kampuni. Mwishoni mwa miaka ya 1890 ukame, ndui na njaa viliua watu wengi katika nchi ya Wakikuyu wa kusini, na mwaka 1899 reli ikafika Nairobi. Baada ya muda mfupi walowezi walianza kugawiwa ardhi ya Kabete na Kiambu, mashamba ambayo wenyewe walikuwa wamekufa au kukimbilia kwa jamaa zao.

POMBE CHINI YA SHERIA

Kilichompata Waiyaki kiliipata pombe yake pia. Kituo cha Waskoti cha Kibwezi kilihamishiwa Kikuyu mwaka 1898, na humo, Thogoto, kizazi kipya kilifundishwa kwamba njohi ni dhambi. Mmoja wa wanafunzi wake, kijana ambaye baadaye aliitwa Jomo Kenyatta, alitiwa adabu na kanisa hilo kwa sababu ya kunywa pombe na kuoa kimila.

Katika miaka ya 1920 Kenyatta, akiwa mfanyakazi wa idara ya maji ya manispaa ya Nairobi, alijenga nyumba iliyokuwa pia duka huko Dagoretti. Mwaka 1938, akiwa London, alichapisha kitabu kuhusu mila za Wakikuyu, na humo pombe ya wazee ilipewa tena nafasi yake katika posa na tambiko.

Mjini mambo yalikuwa tofauti. Nairobi ya wakoloni iliwazuia Waafrika kupika pombe yao, kisha manispaa ikawauzia ya kwake katika kilabu cha Pumwani na kutumia faida kwa shughuli za maeneo yao. Pombe iliyokuwa ya mapatano ikawa bidhaa ya kulipiwa na mtu mmoja mmoja.

Wakati huo huo, mwaka 1922, ndugu George na Charles Hurst walianzisha kiwanda cha bia huko Ruaraka. George aliuawa na ndovu mwaka 1923, na bia ya Tusker ikapewa jina kwa kumkumbuka. Bia za chupa za aina hiyo hazikuruhusiwa kwa Waafrika hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Baada ya uhuru, serikali nayo iliendelea kuzitilia shaka pombe za kienyeji. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, na misako ya polisi haikubagua sana kati ya chang'aa, busaa na muratina. Ni sheria ya mwaka 2010 ya udhibiti wa vileo iliyofuta marufuku hiyo na kufungua njia ya vinywaji vya asili kutengenezwa kwa leseni.

MURATINA YA JANA NA YA LEO

Tangu wakati huo jina la muratina limerudi kwa nguvu, na kinachoitwa hivyo leo ni vitu vitatu tofauti.

Cha kwanza ni kile kinachopikwa nyumbani kwa ajili ya ruracio, yaani mahari. Wapishi wake, mara nyingi wazee, hutumia asali, maji na matunda makavu ya mvungunya, na huhifadhi matunda hayo kutoka sherehe moja hadi nyingine. Rangi yake ni ya dhahabu iliyofifia, haiko angavu, na ladha yake huchanganya utamu wa asali, uchachu kidogo na harufu ya moshi wa kibuyu. Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na ya enzi za Waiyaki, ingawa ndoo ya plastiki imechukua nafasi ya kibuyu katika nyumba nyingi.

Cha pili huuzwa mitaani. Asali ni ghali, kwa hiyo wauzaji huiongezea sukari ya dukani au huiacha kabisa, na wengine hutia hamira ya kuokea mikate ili iive upesi. Kileo hupatikana, lakini sukari nyeupe haina harufu wala ladha ya kuacha nyuma baada ya hamira kuimaliza. Kinachobaki ni ukali mtupu. Wanaokunywa aina hii na kudai kuwa wazee wa zamani walikuwa walevi wa kinywaji kibovu huwa wanapima kitu kingine.

Cha tatu ni cha chupa yenye lebo. Ili kikae dukani bila chupa kupasuka, ni lazima hamira izuiwe kufanya kazi, kwa kuchuja au kwa kupasha moto. Matokeo yake ni kinywaji safi, angavu na salama, ambacho mtu anaweza kukinunua na kukinywa peke yake miezi kadhaa baadaye. Kimepata maisha marefu kwa kupoteza sifa ile iliyowalazimisha watu kukusanyika.

Tatizo la kufufua kinywaji cha zamani si la Wakenya pekee. Nchini Marekani, wapika bia wa miaka ya karibuni wamejaribu kuirudisha Kentucky Common, bia ya rangi nyeusi ya jiji la Louisville iliyonywewa ikiwa mbichi, siku chache tu baada ya kupikwa, na iliyotoweka baada ya nchi hiyo kupiga marufuku pombe mwaka 1920. Baadhi yao waliipika ikiwa chachu, kwa kudhani kwamba ilichachushwa kama wiski ya jimbo hilo. Kumbukumbu za viwanda vya zamani zilipochunguzwa, hazikuonyesha uchachu huo.

Wamarekani waliweza kujirekebisha kwa sababu viwanda vyao viliandika vipimo. Wapika muratina wa Dagoretti hawakuacha daftari. Maarifa yao yalihifadhiwa mikononi mwa wapishi na katika nyuzi za tunda kavu, na palipokatika mkono mmoja, hakuna karatasi ya kurejelea.

Katika kinywaji na katika historia, kosa huwa la namna moja: ladha ya baadaye hutiwa katika chombo cha zamani. Aliyezoea kilabu cha mjini, anaposoma kwamba Waiyaki alikuwa amekunywa pombe, humwona mtu anayepepesuka nje ya baa. Watu wa Waiyaki wangemwona mzee aliyetoka barazani kwa wenzake.

URITHI

Ukoo wa Waiyaki haukuzimika naye. Dkt Munyua Waiyaki, wa ukoo huo, alikuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni kuanzia 1974 hadi 1979. Wambui Otieno, dada yake, alishiriki katika harakati za Mau Mau mjini Nairobi na baadaye akafahamika kote nchini mwaka 1987 kwa kesi ya mazishi ya mumewe, wakili S. M. Otieno. Kwa ukoo ambao babu yao alizikwa ugenini, swali la nani ana haki ya kuamua mahali pa kaburi halikuwa geni.

Katika fasihi, Ngugi wa Thiong'o alimpa mhusika mkuu wa riwaya yake ya mwaka 1965 jina la Waiyaki, kijana anayejaribu kusimama kati ya jamii mbili zinazogombana na kuangamia kwa kufanya hivyo.

Dagoretti yenyewe imemezwa na jiji. Mashamba yaliyolisha misafara yamegeuka mitaa ya Riruta, Kawangware, Waithaka na Mutuini, na soko la Dagoretti linajulikana zaidi kwa vichinjio vyake. Ngome ya Lugard haionekani tena. Kibwezi nako, kaburi la mzee huyo limebaki mbali na watu wake.

Lakini Jumamosi yoyote, katika mitaa hiyo hiyo, familia mbili zinapokutana kuzungumzia mahari, hutafutwa mzee ajuaye kupika kwa asali na tunda kavu. Pembe au bilauri hupitishwa, wazee hunywa kwanza, na neno linalosemwa baada ya hapo huhesabiwa kuwa limefunga. Agano la namna hiyo ndilo ambalo Waiyaki alidhani amelifanya na wageni wake Oktoba 1890, na kwa kulidai alikufa.